Farasi wa Mapipa, Farasi wa Nguzo: Mnunuzi Analipia Nini?

Video fupi za rodeo ya Marekani, yaani michezo ya wapanda farasi na wachunga ng'ombe, zimewafikia wengi wetu kupitia simu. Msichana aliyevaa kofia pana anaingia uwanjani kwa kasi ya kutisha, farasi wake anazunguka mapipa matatu huku ubavu ukikaribia kugusa ardhi, kisha anatoka kama mshale, na kabla mtazamaji hajaelewa alichokiona, muda umeshaandikwa kwenye ubao. Chini ya video hizo swali hurudi kila mara: inawezekanaje farasi mmoja wa mchezo huu auzwe kwa dola elfu chache na mwingine avuke dola laki moja, ilhali wote wana miguu minne na wote wanakimbia? Kwa familia za Waswahili wanaolea watoto katika majimbo kama Texas, ambako rodeo ni mchezo wa shule za sekondari kama ilivyo netiboli kwetu, swali hili si la udadisi tu, kwa maana siku moja binti anarudi nyumbani na kusema anataka farasi.

Makala haya yanajaribu kueleza kile ambacho mnunuzi hulipia hasa, kwa sababu wengi wanaopoteza fedha katika biashara hii huamini kwamba wananunua mbio.

Tuanze na mchezo wenyewe. Mbio za mapipa hutumia mapipa matatu ya chuma, yaleyale ya lita mia mbili ambayo kwetu huhifadhia maji au mafuta, yakiwa yamepangwa kwa umbo la pembetatu. Kwa kipimo kamili kinachotumiwa na chama cha wanawake wa rodeo ya kulipwa, WPRA, pipa la kwanza na la pili hutenganishwa na futi 90, yaani mita 27 na kidogo. Kutoka kila moja ya hayo hadi la tatu ni futi 105, ambazo ni mita 32. Na kutoka mstari wa kuanzia hadi usawa wa mapipa mawili ya kwanza ni futi 60. Farasi huzunguka la kwanza, hukata uwanja hadi la pili, hupanda hadi la tatu, kisha hurudi moja kwa moja mstarini. Pipa likianguka, muda huongezwa sekunde tano, na kwa vitendo hapo mashindano huwa yamekwisha. Kuligusa bila kuliangusha hakuna adhabu, ndiyo maana utamwona mpandaji akinyoosha mkono kulizuia pipa linaloyumba.

Mbio za nguzo ni jambo jingine. Nguzo sita, kila moja ikiwa na urefu wa futi sita, husimamishwa katika mstari mmoja ulionyooka, na kati ya nguzo na nguzo kuna futi 21, yaani kama mita 6.4. Farasi hukimbia pembeni mwa mstari hadi nguzo ya mwisho, huizunguka, hurudi akipita katikati ya nguzo kwa kupinda huku na huku, huizunguka ya kwanza, hurejea tena kwa kupinda hadi mwisho, huizunguka ile ya mwisho kwa mara ya pili, kisha hunyoosha kuelekea nyumbani. Aliyewahi kumwona mchezaji wa mpira akipita mabeki sita kwa chenga, mmoja baada ya mwingine, bila kuupoteza mpira wala kusimama, ameshauelewa mchezo huu. Kila nguzo inayoangushwa huongeza sekunde tano, na anayekosea njia huondolewa.

Tofauti moja ya kibiashara ielezwe mapema. Mbio za mapipa zina rodeo ya kulipwa yenye zawadi kubwa, na kilele chake ni fainali za kitaifa zinazofanyika Las Vegas kila Desemba. Mbio za nguzo hazimo katika rodeo hiyo. Makao yake ni rodeo za watoto na za shule, vilabu vya mitaa, na maonyesho ya farasi. Kwa hiyo farasi hodari wa nguzo peke yake mara nyingi huuzwa kwa bei ya chini kuliko farasi wa mapipa wa kiwango kilekile, na familia yenye mtoto wa shule inaweza kupata mnyama mzuri sana kwa kuanzia upande huo.

Sasa tuje kwenye dhana inayowapoteza wengi, kwamba farasi mwenye mbio zaidi ndiye anayeshinda. Chukua vipimo nilivyotaja na upige hesabu. Kutoka katikati ya mstari hadi pipa la kwanza, hadi la pili, hadi la tatu na kurudi, njia iliyonyooka haifiki mita 131. Ukiongeza mizunguko mitatu, tuseme farasi hukanyaga mita kama 150. Katika uwanja wa kipimo kamili, muda wa sekunde 17 ni muda mzuri sana. Maana yake ni kwamba kasi ya wastani ya farasi huyu ni kama kilomita 32 kwa saa. Usain Bolt alipokimbia mita 100 kwa sekunde 9.58 mjini Berlin mwaka 2009, wastani wake ulikuwa zaidi ya kilomita 37 kwa saa. Farasi anayeweza kuvuka kilomita 70 kwa saa akiachiwa njia iliyonyooka anaishia kuwa na wastani mdogo kuliko wa binadamu kwa miguu!

Muda huo umeliwa na kona. Kila pipa linamtaka mnyama wa kilo 450 au 500 apunguze mwendo, ajikusanye juu ya miguu ya nyuma, azunguke karibu na chuma bila kukigusa, kisha aondoke tena kwa nguvu zote. Dereva wa basi anayeshuka mlima Kitonga hupunguza mwendo kabla ya kona, kwa sababu akisubiri awe ndani yake ameshachelewa. Farasi mzuri wa mapipa ana akili hiyohiyo: hatua chache kabla ya pipa hushusha mwendo mwenyewe, huinamisha nyonga, na kumwachia mpandaji kazi ya kumwonyesha njia tu. Farasi asiye na tabia hiyo, hata awe na mbio za ajabu, hupitiliza pipa na kuzunguka kwa duara kubwa, na duara moja kubwa linaweza kupoteza muda kuliko ule ambao mbio zake ziliokoa katika njia nzima. Mfunzi wa kweli akimtazama farasi anayeuzwa, jicho lake huwa kwenye zile hatua chache kabla ya pipa.

Ili kuelewa kwa nini farasi wa mapipa si lazima afae kwa nguzo, inabidi tujue jambo moja la mwili wa farasi. Anapokwenda shoti, mguu mmoja wa mbele, wa kulia au wa kushoto, hutangulia kuliko mwenzake katika kila hatua. Akipinda kulia ni lazima mguu wa kulia uwe ndio unaotangulia, la sivyo anapoteza mizani, kama mtu anayejaribu kukata kona ghafla kwa mguu usio sahihi na kujikwaa. Kubadilisha mguu huo bila kusimama ni ustadi unaofundishwa kwa miezi mingi. Katika mapipa, mpandaji anayeanzia kulia hupinda kulia mara moja, kisha kushoto mara mbili, kwa hiyo farasi anahitaji kubadilisha mguu mara moja tu, kati ya pipa la kwanza na la pili. Katika nguzo anabadilisha katika kila mwanya, mitano kwenda na mitano kurudi, karibu mara kumi katika sekunde chache, tena bila kuongezeka kasi hata akisisimka.

Ndiyo maana wauzaji wanaosema kwamba farasi wao anafanya yote mawili waombwe waonyeshe yote mawili. Wapo wanaoyaweza, na ni hazina kwa mtoto wa shule. Lakini farasi mkali wa mapipa, aliyezoea kuondoka kwa nguvu baada ya kila kona, huweza kuwa msumbufu kwenye nguzo kwa sababu hataki kutulia katikati ya mstari. Na farasi wa nguzo aliye mwepesi na mnyoofu huweza kukosa ule ukali wa kuondoka pipani. Siyo kasoro ya yeyote kati yao. Mnunuzi aamue kwanza mtoto wake atashindana zaidi katika mchezo gani, kisha amtafute mnyama wa mchezo huo.

Sokoni farasi hawa hugawanyika katika makundi matatu, na hapa ndipo siri ya bei ilipo. Kundi la kwanza ni la wanaotarajiwa: vijana wa miaka miwili au mitatu, wana damu nzuri na umbo zuri, lakini hawajui chochote kuhusu mapipa. La pili ni la walioanzishwa: wanaijua njia kwa mwendo wa polepole, pengine wameshakimbizwa mara chache. La tatu ni la waliokamilika: wameshindana kwa miaka, wamesafiri kwa trela, wamelala katika mabanda ya ugenini, wamesikia vipaza sauti na vifijo, na bado wanaingia uwanjani na kufanya kazi yao.

Bei ya farasi aliyekamilika ni bei ya miaka hiyo. Wahenga walisema vyaelea vimeundwa, na sijui mfano unaoufaa msemo huu kuliko farasi wa miaka 12 anayemzungusha mtoto mapipa matatu kwa utulivu kana kwamba ni jambo la kawaida. Mtu fulani alitumia asubuhi mia kadhaa kumtembeza taratibu kuzunguka pipa, akamkimbiza siku chache tu, akampumzisha alipochoka, na akakubali kushindwa mashindano mengi ili mnyama asiharibike akili. Ukimnunua farasi huyo umenunua muda wa mtu mwingine. Ukimnunua wa kundi la kwanza kwa nusu ya bei, muda huo utautoa wewe au utamlipa mfunzi kila mwezi, na farasi anaweza kufika mwisho wa mafunzo ikagundulika kwamba mchezo haumfai.

Nasema hivi kwa mkazo kwa sababu ya kosa linalorudiwa na wazazi wenye mapenzi mema: kumnunulia mtoto anayeanza farasi mchanga ili wakue pamoja. Inapendeza kusikika. Lakini katika jozi hiyo hakuna anayejua kitu, na kila mmoja anasubiri mwenzake amwongoze. Mtoto anaogopa, farasi anaihisi hofu yake, naye anaogopa zaidi. Walimu wengi wa upandaji husema mpandaji mpya apewe farasi mzee na farasi mpya apewe mpandaji mzee. Farasi wa miaka 14 au 16 aliyetunzwa vizuri bado ana miaka ya mashindano mbele yake, bei yake imeanza kushuka kwa sababu ya umri, na atamfundisha mtoto mambo ambayo mwalimu wa kulipwa angehangaika kuyaeleza.

Hapo mtu atauliza kuhusu Scamper, kwa sababu hadithi yake ndiyo hutumika kuhalalisha kila ununuzi wa kubahatisha. Ni kweli kwamba farasi huyu wa rangi ya kahawia, ambaye jina lake la usajili lilikuwa Gills Bay Boy, alitokea katika kituo cha kunenepeshea ng'ombe huko New Mexico na alinunuliwa kwa dola 1,100. Ni kweli pia kwamba alikuwa na sifa ya kuwarusha waliompanda. Mpandaji wake, msichana aitwaye Charmayne James, alikuwa na miaka 12 alipompata. Mwaka 1984, akiwa na miaka 14, alitwaa naye ubingwa wa dunia, na wakaendelea kuutwaa kila mwaka hadi 1993, mara kumi mfululizo. Katika fainali za 1985 lijamu lilimtoka Scamper mdomoni katikati ya mbio, na bado alimaliza njia yote na kushinda raundi hiyo.

Lakini tuisome hadithi hii kwa makini. Charmayne alikulia juu ya tandiko. Katika umri ule alikuwa tayari mpandaji hodari kuliko watu wazima wengi. Farasi asiyetawalika alipatana na msichana aliyejua kumtawala. Mbio zile zisizo na lijamu zinathibitisha hoja ninayoijenga tangu mwanzo: farasi aliyebakiwa na akili yake na mafunzo yake tu aliimaliza njia. Anayetumia hadithi ya Scamper kumnunulia mtoto asiye na uzoefu farasi mwenye tabia ya kurusha watu, ameshika dola 1,100 na kuacha yote mengine.

Suala la damu nalo lina maneno mengi. Farasi wengi wa michezo hii ni wa aina ya American Quarter Horse, jina lililotokana na robo maili, mita 402 hivi, umbali ambao kwa muda mrefu wamejulikana kuwa na kasi kubwa. Chama chao cha usajili, AQHA, kilianzishwa mwaka 1940 na makao yake yako Amarillo, Texas. Hati za usajili zinamtambulisha mnyama, wazazi wake, umri wake na mmiliki wake, na zinaongeza thamani, hasa kwa farasi jike atakayezaa baadaye. Hazisemi kama anajua kupinda. Ndugu wawili wa baba na mama mmoja wanaweza kutofautiana kama watoto wetu wenyewe wanavyotofautiana. Kwa mtoto anayetaka kushindana Jumamosi hii, farasi aliyehasiwa, mwenye rekodi nzuri na ukoo usiojulikana, ana manufaa kuliko mwana wa bingwa asiyejua kitu.

Kuna faida moja ya hati ambayo wanunuzi wageni hawaijui: zinafichua magonjwa ya kurithi. Uzao wa dume mashuhuri Impressive, aliyezaliwa mwaka 1969, ulieneza ugonjwa wa misuli unaoitwa HYPP, ambao humfanya farasi atetemeke au aanguke. Tangu 2007 AQHA haisajili watoto waliorithi ugonjwa huo kutoka pande zote mbili. Upo pia HERDA, unaofanya ngozi ya mgongoni ichanike kirahisi, na farasi wa namna hiyo hawezi kabisa kubeba tandiko. Kipimo cha vinasaba hufanywa kwa nywele chache tu za mkia au shingo, kwa hiyo hakuna sababu ya kukikosa.

Tukija kwenye kumjaribu farasi, mnunuzi afike mapema kuliko alivyotarajiwa, ikiwezekana akute farasi hajatandikwa. Farasi aliyekwisha kukimbizwa saa nzima kabla ya mgeni kufika huonekana mtulivu kwa sababu amechoka. Tazama anavyokubali kushikwa, kuinuliwa kwato, kufungwa mkanda wa tumbo, kupandishwa kwenye trela. Mwombe muuzaji ampande kwanza yeye mwenyewe. Asipotaka, jiulize kwa nini. Kisha mpandaji atakayemtumia, yaani mtoto, siyo mjomba aliye hodari, apande na kutembea taratibu kuzunguka mapipa. Kutembea huonyesha mengi kuliko kukimbia, kwa kuwa farasi ambaye hawezi kuzunguka pipa akitembea bila kukaza shingo na kurukaruka amefundishwa haraka, na kasi ndiyo iliyokuwa ikificha upungufu huo.

Angalia sana mlango wa uwanja. Farasi wengine, baada ya kukimbizwa mno, hugoma kuingia: husimama, hurudi nyuma, huinuka kwa miguu miwili. Watu huuita ukaidi na kutafuta lijamu kali zaidi. Mara nyingi sana ni maumivu. Vidonda vya tumbo ni vya kawaida mno kwa farasi wa mashindano, wanaosafiri sana na kula kwa vipindi badala ya kutwa nzima kama maumbile yao yanavyotaka. Viungo vya miguu ya nyuma huuma, mgongo huuma, na mnyama asiye na ulimi wa kusema hujifunza kwamba nyuma ya mlango ule kuna uchungu. Farasi wa namna hii anaweza kutibiwa na kupona kabisa, lakini hiyo ni kazi ya mtu mzoefu na daktari wake, na ni hatari kwa mtoto. Lijamu kali halitibu chochote. Linaongeza uchungu wa pili juu ya ule wa kwanza.

Matangazo ya mauzo yana lugha yake, na neno linalochanganya zaidi ni "1D", yaani daraja la kwanza. Mashindano mengi ya mapipa nchini Marekani hugawa washindi kwa madaraja ili kila mtu apate nafasi. Muda wa kwanza kabisa wa siku hiyo hufungua daraja la kwanza. Mwenye muda wa nusu sekunde zaidi hufungua la pili. Sekunde nzima zaidi, la tatu, na kuendelea. Ikiwa mshindi alitumia sekunde 17.0, daraja la pili linaanzia 17.5. Utaona hapo kwamba daraja halitegemei farasi peke yake, bali hutegemea pia nani alikuja siku ile. Farasi wa daraja la kwanza katika mashindano madogo ya kijijini anaweza kuwa wa daraja la tatu katika mashindano makubwa. Muda mtupu nao haulinganishiki, kwa sababu viwanja hutofautiana: kwenye fainali za Las Vegas, ambako uwanja ni mdogo, washindi hutumia sekunde 13 na kitu, na hakuna anayedai kwamba wanawazidi kwa sekunde tatu wale wa uwanja kamili. Kwa hiyo omba matokeo ya mashindano kadhaa, ujue yalifanyika wapi, na umpime farasi kwa umbali wake na mshindi wa siku husika. Omba pia video za siku alizofanya vibaya. Muuzaji mwaminifu anazo na hazimwogopeshi.

Hatua ambayo haifai kurukwa kwa bei yoyote ni uchunguzi wa daktari wa mifugo kabla ya kulipa. Kwetu mtu hanunui gari lililotumika bila kuliinua na kumwita fundi wake alitazame chini. Vinginevyo ameuziwa mbuzi kwenye gunia. Kwa farasi ni vivyo hivyo, na fundi awe wako: daktari aliyechaguliwa na kulipwa na mnunuzi, asiye na uhusiano na muuzaji. Atasikiliza moyo na mapafu, atatazama macho na meno, atamkimbiza katika ardhi ngumu na laini, atakunja kila mguu kwa muda wa kama dakika moja kisha amwachie akimbie ili aone kama anachechemea. Kwa farasi wa mapipa na nguzo, picha za eksirei za miguu ya nyuma na za kwato za mbele zinafaa gharama yake, kwa kuwa huko ndiko mzigo wa kona unakotua. Damu ichukuliwe siku hiyohiyo. Hata isipopimwa mara moja inaweza kuhifadhiwa, na kama farasi aliyekuwa mzima siku ya majaribio akianza kuchechemea wiki mbili baadaye, damu ile itaeleza kama alikuwa amepewa dawa ya kutuliza maumivu. Kipimo cha Coggins, kinachotafuta ugonjwa wa kuambukiza wa upungufu wa damu usio na tiba, kiwepo pia. Bila hicho farasi kwa kawaida haruhusiwi kuvuka kutoka jimbo hadi jimbo.

Watu hudhani daktari atasema amefaulu au amefeli. Hafanyi hivyo. Anaeleza alichokikuta, na mnunuzi anaamua kama anaweza kuishi nacho. Farasi wa miaka 13 aliyekimbia mapipa kwa miaka minane atakuwa na kitu, labda mwanzo wa ugonjwa wa viungo unaohitaji sindano ya kiungoni mara moja kwa mwaka. Hilo siyo sababu ya kumkimbia, mradi muuzaji alilitaja mwenyewe na gharama yake inajulikana. Sababu ya kumkimbia ni kulikuta jambo ambalo muuzaji alilificha.

Gharama hazikomi siku ya malipo, na mzazi azijue kabla. Farasi wa kilo 450 hula nyasi kavu kama kilo tisa kwa siku, kila siku, awe anashindana au amepumzika. Fundi wa kwato huja kila baada ya wiki sita hadi nane. Kuna chanjo, dawa za minyoo, meno ya kusawazishwa, banda, trela na gari lenye nguvu ya kuivuta, pamoja na ada za mashindano. Familia iliyomaliza akiba yote kwenye bei ya farasi huanza kupunguza yale anayoyahitaji ili awe mzima, na anayeumia kwanza ni mnyama.

Makubaliano yaandikwe. Mkataba utaje jina na namba ya usajili, alama za mwili, kile ambacho muuzaji anathibitisha kuhusu afya na tabia, na kama kuna siku za majaribio na nani atabeba hasara farasi akiumia katika siku hizo. Katika baadhi ya majimbo ya magharibi, kama Colorado, sheria hutaka mkaguzi wa serikali akague chapa ya mnyama kila anapobadilisha mmiliki, ili kuzuia wizi; anayepuuza hatua hii anaweza kushindwa kuthibitisha kwamba farasi ni wake.

Kinachobaki ni majuma ya kwanza baada ya kumleta nyumbani, na hapa naomba subira kwa niaba ya farasi. Amebadilishiwa banda, maji, nyasi, wenzake na mikono inayomshika. Maswali mengi ya wazazi waliokwisha kununua hutoka kipindi hiki: mbona kwa mwenyewe alikimbia sekunde 17 na kwetu anakimbia 19, tumetapeliwa? Kwa kawaida hawajatapeliwa. Farasi alijifunza lugha ya mpandaji mmoja, uzito wake, anavyokaa, ni wakati gani huinua hatamu kabla ya pipa, na sasa anazungumziwa kwa lafudhi ngeni. Mwombe muuzaji akupe chakula cha wiki moja ili umbadilishie taratibu, na akuambie lijamu analolitumia ili ulitumie hilohilo. Siku za mwanzo mtoto ampande nje ya uwanja kabisa, kwenye njia na mashamba, kisha amzungushe mapipa akitembea, halafu kwa mwendo wa katikati, na ampeleke katika mashindano madogo mara moja au mbili bila kumdai muda. Jozi nyingi huhitaji miezi kadhaa kabla saa ya uwanjani haijaanza kusoma kama ilivyokuwa ikisoma kwa mmiliki wa zamani.